Namna ya kurekodi maisha ya koko yako aliyepitia vita, Chama kimoja na maki (kambi za waasi) ya Fizi

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, karibu kila parseli kuko mzee mmoja ambaye ametawaliwa na watu wengi mpaka yeye mwenyewe anapoteza hesabu. Chukua mtu wa 1945 hivi. Amewaona Wabelgiji wakiondoka 1960, amesikia risasi za waasi Wasimba mwaka 1964, amekimbia mji 1967 Schramme, yule Mbelgiji, na mersenere wake (askari wa kukodiwa) walipoingia, ameimba na kucheza kwa ajili ya Mobutu, akakimbia tena 1996, akaishi chini ya waasi wa RCD kuanzia 1998, akajificha chini ya kitanda 2004, na Februari 2025 bado alikuwa hapa, anaangalia M23 wakiingia mji. Ni mtu mmoja huyo, na yuko hapo nje anachambua sombe.

Sasa vijana wengi wanapenda kurekodi hii mambo, na ni vizuri, ila wanaanza vibaya. Wanaweka telefone mbele ya koko, babu au bibi yao, "koko, tuambie historia yako." Koko anajibu tuliteseka sana lakini Mungu ni mwema, dakika nne, kwisha, kijana anaweka muziki wa huzuni chini anatuma ku statut. Hiyo si kurekodi maisha, hiyo ni kumpiga mzee foto akiwa anasali. Mi nafikiri kosa liko kwenye swali. Mzee hana "historia" kichwani, hiyo ni kitu ya darasani, yeye ana vitu: sufuria, karti, noti, mashini, mimba, barabara. Uliza vitu na historia itakuja yenyewe nyuma yake, mara nyingi na sehemu ambazo hata hukujua kama zipo.

Miaka ni kazi yako wewe

Usimwachie koko kazi ya tarehe, utamchosha bure na atakupa yoyote ili umuache. Tarehe uzijue wewe, uziandike ku karatasi moja na ukae nayo kwenye paja. Kwa mtu wa Bukavu mi ningeweka hizi: 30 Juni 1960 uhuru. Agosti 1964 Wasimba wanashambulia mji na Kanali Mulamba anawarudisha nyuma. 24 Novemba 1965 Mobutu anachukua inchi. Kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Novemba 1967 Schramme na mersenere wake pamoja na majandarme wa Katanga wanashika Bukavu, watu wanamwagika kwenda vilimani, mwishowe hao mersenere wanavuka Ruzizi kuingia Rwanda. Oktoba 1971 inchi inaitwa Zaire. Mwanzo wa 1972 majina ya kizungu yanakatazwa. 30 Novemba 1973 ndiyo zairianisation, maduka na mashamba ya wageni yanapewa "akereri", yaani wazairwa waliochaguliwa. 1974 Noeli inatolewa kwenye sikukuu za serikali, na mwisho wa mwaka huo shule za misheni zinachukuliwa na serikali, zikarudishiwa makanisa 1977. 24 Aprili 1990 mwisho wa Chama kimoja, MPR ya Mobutu. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda. Mwisho wa Oktoba 1996 waasi wa AFDL wanaingia, na tarehe 29 Askofu mkuu Munzihirwa anauawa. 2 Agosti 1998 RCD, mpaka 2003. Februari 2000 Askofu mkuu Kataliko anapelekwa kwa nguvu Butembo. Mwanzo wa Juni 2004 maofisa waasi Nkunda na Mutebusi wanashika mji. Na usisahau tetemeko la 3 Februari 2008, juu kuko wazee ambao kwao ukuta uliopasuka ni alama kubwa kuliko rais yeyote.

Kwa mzee wa Goma ongeza Nyiragongo: Januari 1977, Januari 2002, Mei 2021. Wa Goma wanapanga maisha yao yote kwa volkano, kabla ya lava na nyuma ya lava.

Lakini kalenda bora kuliko zote ni pesa. Kama koko anakumbuka bei, unajua mwaka. Zaire ilikuja Juni 1967, moja kwa franka elfu moja, na wakati huo zaire moja ilikuwa inanunua dola mbili za Marekani (mwambie mtoto wa leo hii, hataamini). Akitaja makuta (vipande vidogo vya zaire) kwenye bei ya kitu cha maana, basi ni miaka ya mwanzo ya zaire, bei bado hazijalewa. Oktoba 1993 ikaja nouveau zaire, moja kwa zaire milioni tatu, na 1998 franka ikarudi, moja kwa nouveau zaire laki moja. Mtu akisema alinunua mabati kwa mamilioni, uko kwenye miaka ya 90, kabla ya franka kurudi.

Na kuko swali moja la pesa ambalo linafungua karibu kila mzee: noti za 1979. Disemba ya mwaka huo Mobutu aliua noti za 5 na za 10, akatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Mtu wa kijijini, mbali na banki, pesa zake zikageuka karatasi ya kuwashia moto. Uliza tu, "koko, zile noti zilikukuta wapi?" na ukae kimya. Utasikia nani alikuwa ameficha nini, mume alikuwa hamwambii mke nini, nani alikuwa anamjua nani kule banki, ng'ombe gani haikununuliwa. Serikali nzima iko ndani ya hiyo jibu.

Kwa mamayo na makoko wanawake kuko kalenda nyingine tena: watoto. "Ulikuwa na mimba ya nani? Nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa anatembea mwenyewe?" Kisha unaenda kuangalia karti ya batizo ya huyo mtoto, kama imepotea unaenda parokia, ma rejista mengi bado yapo, na mwaka umepata bila kumsumbua mtu.

Swali linavyofanya kazi

Angalia hii sehemu, imetoka kwa koko mmoja wa Kadutu, komini ya hapa Bukavu, na mjukuu wake, nimeiacha vile walivyosema.

– Koko, ile wakati ya Schramme mulitoka ku nyumba na nini?
– Sufuria mbili. Na mashini ya kushona, koko yenu mwanaume aliibeba ku kichwa. Mi nilikuwa na mimba ya shangazi yenu mukubwa, singeweza kubeba kitu.
– Mashini ilifika?
– Ilifika wapi! Tuliifukia Nyangezi, mu shamba ya ndizi, juu basoda walikuwa wanapita. Kurudia kuitosha, kutu tupu.
– Mukaitupa?
– Nani, yeye? Akaifungua yote, akaipakala mafuta ya mawese. Ile mashini njo alishonea ma abakosti ya bakubwa wote wa komini.

Maswali matatu mafupi, hakuna hata moja lenye neno "vita" au "siasa." Umepata mwaka kwa ajili ya shangazi, umepata njia waliyokimbilia, umepata kazi ya mume, na bila kutafuta umeingia miaka ya 70, pale koti na kravati vilikatazwa na kila mkubwa akahitaji abakosti, kumbe kuna mtu alikula kwa hiyo amri. Mi napenda sana hapo. Tunazoea kusema watu waliteswa na Chama, na ni kweli, lakini maisha ya mtu si kuteswa tu, kuna pia vile alivyojipanga.

Swali ambalo silipendi ni "ulijisikiaje?" Limetoka ku televisheni. Mzee atakuambia alijisikia vibaya, ulitaka aseme nini? Badala yake uliza mlikula nini siku ile, nani alienda kutafuta maji, nani alibaki kulinda nyumba, mliporudi mlikuta nini na nini kilikuwa kimeenda. Kuhusu Chama: karti ya MPR uliinunua wapi, ulilipa nini, na kama hukuwa nayo sokoni walikufanya nini (kwa sheria kila mzairwa alikuwa memba tangu kuzaliwa kwake, lakini karti bado waliiomba). Salongo (kazi ya lazima, ya bure) ya jumamosi mlifanya wapi, nani alikuwa anaita majina. Animation (ngoma za kumsifu Mobutu) mlicheza mbele ya nani, mlivaa kikwembe gani, kilikuwa na sura ya Mobutu upande gani. Mwombe aimbe kipande. Hata yule aliyemchukia Mobutu mpaka leo bado anakumbuka wimbo wote, na mabega yanaanza kucheza yenyewe.

Swali lingine la lazima, uliweke kila mara mzee anapomtaja mtu aliyefanya mabaya: "ulimwona kwa macho yako au uliambiwa?" Uliza kwa heshima, "koko unisamehe, hiyo uliiona wewe?" Haimaanishi humwamini. Ni kwamba huku kwetu maneno ya kuambiwa yameshaua watu, na nyuma ya miaka hamsini kichwa kinachanganya kile kilichoonwa na kile kilichosimuliwa jikoni. Andika tofauti.

Kama mzee wako ni wa Fizi

Huyo ni wa pembeni kabisa, kule kusini kando ya ziwa Tanganyika, na maswali yake si yale ya mtu wa Bukavu mjini. Neno Chama kimoja lisikuchanganye: Mobutu hakuwa komunisti hata kidogo, alikuwa rafiki wa Wamarekani, ingawa alivyorudi kutoka China na Korea ya Kaskazini miaka ya 70 akaja na zile ngoma za kumtukuza na mikutano mikubwa ya viwanjani. Wekundu wenyewe walikuwa mlimani. Kuanzia Aprili mpaka Novemba 1965 Che Guevara na Wakuba wake walikuwa upande ule wa Tanganyika wakisaidia waasi, wakashindwa wakavuka ziwa kurudi. Kisha Disemba 1967 Laurent-Désiré Kabila akaunda PRP, chama cha kimapinduzi cha kimarksisti, na kile chama kikashika milima ya Fizi kwa karibu miaka ishirini, eneo waliliita Hewa Bora. Kwa hiyo kuna watu waliozaliwa pale, wakakua pale, na Zaire ya abakosti hawakuiona mpaka wakubwa. Kwanza vita ya Mulele (ile ya waasi wa 1964) ikapita juu ya kijiji, kisha basoda wa serikali, kisha ndiyo ukaja utawala wa wale wa maki.

Huyo usimuulize habari ya salongo, hataelewa. Muulize: chumvi ilitoka wapi? Dhahabu mliyochimba mlimpa nani, na aliyeificha alifanywa nini? Ukitaka kushuka ziwani au kuvuka kwenda Kigoma nani alikupa ruhusa? Kulikuwa na shule, mwalimu alikuwa nani, mlifundishwa nini asubuhi? Kesi ya ng'ombe au ya ndoa nani aliikata, mwami au komisari? Walikuitaje, "ndugu" au jina lako? Kama anakumbuka habari ya wale watu wanne waliotekwa Gombe, ng'ambo ya ziwa, hiyo ni Mei 1975. Vita za Moba, wale wa PRP walipouvamia huo mji, ni Novemba 1984 na Juni 1985.

Tahadhari moja hapo, na ni kubwa. Mei 1997 yule yule Kabila wa mlimani akawa rais Kinshasa. Ghafla watu waliokuwa wamekimbia maki wakawa "wapiganaji wa kwanza," na wengine waliokuwa kweli mlimani wakanyamaza juu ya mambo waliyoyafanya au waliyofanyiwa. Simulizi ya mzee wa Fizi ina matabaka: alivyosema chini ya Mobutu, alivyosema 1997, anavyosema leo. Usimshtaki kwamba anageuza. Muulize tu, "na wakati Kabila alipokuwa rais, hii mliizungumziaje hapa nyumbani?" na utaona tabaka zinaachana zenyewe.

Makaratasi

Kabla ya kurekodi, mwombe koko akuoneshe ile valizi au ile kopo ya maziwa ambamo anaweka vyeti. Karti ya MPR, kitabu cha ndoa, karti ya batizo, kitabu cha kazi cha wakati wa Wabelgiji, risiti ya parseli, foto za pasporti. Mikono ikishika karatasi, mdomo unaanza. Lakini ujue kwamba mtu mmoja atakuwa na majina mawili au matatu: kabla ya 1972 ni Joséphine, nyuma ni jina la babu peke yake, baada ya 1990 Joséphine anarudi mbele. Usifikiri ni watu tofauti, na usifikiri ni udanganyifu. Uliza nani alimchagulia jina la 1972, kuna familia ambapo karani wa komini ndiye aliyelichagua.

Piga foto karibu na mlango, mwanga wa mchana, bila flashi, mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu (kuna stempu hafifu mara nyingi). Weka sanduku la kiberiti kando ili saizi ionekane. Na tafadhali, msiende kuziplastifia! Najua kila mtu hapa anaplastifia kila kitu mpaka diploma, lakini ule moto wa mashini na gundi yake vinaua karatasi ya zamani, haiwezi kutoka tena. Bahasha ya karatasi kavu inatosha, juu kabisa ya kabati.

Telefone

Hapa nitapita haraka juu kila mtu ana telefone tofauti. Programu yoyote ya dictaphone ni sawa. Weka modi avion, la sivyo mjomba atapiga katikati ya 1967. Weka telefone ku kiti kidogo mbele ya koko, karibu na mkono wake, juu ya kikwembe kilichokunjwa, usiishike mkononi. Mvua ku mabati inafunika kila kitu, kwa hiyo wakati wa mvua chukua asubuhi, na siku isiwe jumapili kama jirani yenu ni kanisa lenye baffle. Sema mwanzoni tarehe, mahali, nani anaongea na nani anauliza. Jaribu dakika moja, sikiliza, ndiyo uanze. Saa moja inatosha, akichoka nusu saa inatosha, utarudi.

Mwache aseme kwa luga yake, mashi, kibembe, kifuliiru, kiswahili chetu, vyote vimechanganyika na kifaransa cha masista. Ukimlazimisha kiswahili cha vitabu atakuwa anapima maneno badala ya kukumbuka.

Kama kuna jambo anakaribia na kuliacha, analikaribia tena na kuliacha, usimsukume. Hasa wanawake. Sema "tuache hapo koko, tunywe chai," na uzime. Kama unaona jambo limemrudia vibaya usiku, ku hospitali ya Panzi kuna watu waliofundishwa kusikiliza, wewe si mmoja wao.

Nani atasikia

Hii uongee naye kabla, si baada. Nani anaweza kusikia akiwa hai, nani akiwa hayupo, na nini kisitoke nyumbani milele. Arekodi hiyo ruhusa kwa sauti yake. Wakati huu tuliomo usijifanye shujaa. Majina ya majirani, ya basoda, ya mtu aliyeonesha nyumba ya fulani 1998, yaandike kwa herufi moja na ufunguo wake uweke kwingine. Usitume ku grupu ya WhatsApp hata ya familia, kwenye familia kuna shemeji na shemeji ana marafiki. Usipite bariere yoyote na sauti hizo ndani ya telefone. Zihamishe nyumbani kwanza, kisha uzifute.

Saa moja ya sauti ni karibu MB 60 ukirekodi kwa kbps 128, kwa hiyo nafasi si shida, shida ni kopi. Weka moja ku karti ndogo ya memori nyumbani, moja ku disko ya ndugu aliye mji mwingine, moja ku intaneti yenye neno la siri. Moto wa Kadutu hauchagui. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe, na usiandike jina kamili la koko hapo.

Kuandika ndiyo kazi ndefu, saa moja ya sauti inakula saa tano au zaidi. Andika vile alivyosema, "batu" ibaki "batu," usimgeuze kuwa mwalimu. Usiposikia andika kwamba haisikiki, pamoja na dakika. Kama koko na ndugu yake wanapingana juu ya siku moja, acha zote mbili na jina la kila mmoja. Usiwe jaji wa 1967.

Kisha urudi umsomee. Beba sukari au sabuni vile unavyobebaga siku zote, si malipo. Atakukatisha, "hapana, haikuwa Nyangezi, ilikuwa mbele kidogo," washa telefone tena uchukue masahihisho. Na kama siku hiyo anasema sehemu fulani uitoe, itoe mbele yake, na jioni hiyo hiyo mpigie ndugu mwenye disko aitoe na kwake.